MTOTO HAKUNONA, INI LIMEJAA MAFUTA

Mwaka jana bibi mmoja alimleta mjukuu wake kwenye zahanati yetu, huku upande wa Handeni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Nilimwamkia bibi, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, watu wana maneno. Wanasema mtoto huyu amebemendwa. Hebu mtazame. Mwili si anao?"

Kweli mashavu yalikuwa yamejaa. Lakini miguu nayo ilikuwa imejaa. Nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, nikahesabu mpaka tatu, nikaachia. Shimo likabaki. Nilibonyeza mguu wa pili. Shimo likabaki vilevile. Nywele zilikuwa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi. Nilipopapasa tumbo, chini ya mbavu za kulia, niligusa ini. Lilikuwa kubwa.

Hiyo ni kwashakoo. Mtoto aliyenona ukimbonyeza haachi shimo.

Nikamwuliza bibi, "Mama yake yuko wapi?" Akasema yuko nyumbani, ana mimba ya miezi minne, anaona haya kutoka.

Wasomaji wa Handeni na Korogwe wanajua maana ya kubemenda. Watu husema baba na mama wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na mtoto amedhurika. Mimi ni kijana, sina mtoto bado. Najua baadhi ya wazee wangu watasema huyu anatufundisha nini. Lakini nitasema ninaloliona kila siku ya kliniki. Neno hili linaua watoto. Haliui kwa uchawi. Linaua kwa sababu mama huficha mtoto ndani.

Hata hivyo, wazee hawakuona vibaya. Waliona kweli kwamba mtoto huugua mama anaposhika mimba nyingine. Jambo hilo limeonekana hata mbali na kwetu. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliandika jina la ugonjwa huu kama alivyolisikia kwa akina mama wa kabila la Waga. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Basi akina mama wa kule na wazee wa huku waliona jambo lile lile. Kosa liko katika sababu. Mtoto hakudhurika kwa sababu wazazi wamelala pamoja. Amedhurika kwa sababu ameachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mweupe na ugali wa muhogo, asubuhi mpaka jioni.

Sasa tulitazame lile ini. Ini la mtoto wa kwashakoo hujaa mafuta. Watu hushangaa. Mtoto hajala nyama ya mafuta, hata nazi haioni, mafuta yametoka wapi?

Ini lenyewe hugeuza wanga wa uji na muhogo kuwa mafuta. Hilo si kosa, ni kazi yake. Kisha hutakiwa kuyafunga mafuta hayo na kuyapeleka mwilini. Kifungio chake ni protini, ile tunayoipata kwenye maziwa, mayai, samaki, nyama, kunde, maharage na karanga. Wenzetu wa Korogwe waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge watanielewa haraka. Mahindi yamevunwa, yamejaa ghalani, lakini magunia hakuna. Yatatokaje? Yatakaa pale pale. Ndivyo mafuta yanavyokaa ndani ya ini la mtoto asiyepata protini.

Kuna jambo la pili. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa maji yanayoingia utumboni, na ndani yake mna vimeng'enya. Vimeng'enya ni vitu vinavyokatakata chakula kiwe kidogo sana, kiweze kuingia katika damu. Kimoja hukata mafuta, nacho huitwa lipasi. Nyongo kutoka kwenye ini huyagawa mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria, halafu lipasi huyakata. Vimeng'enya hivi navyo hutengenezwa kwa protini. Mhunzi asiye na chuma hatoi jembe. Mtoto asiye na protini, kongosho lake hunywea na vimeng'enya hupungua. Hata akipewa mafuta hawezi kuyatumia vizuri. Yanapita, anaharisha.

Mambo haya yaligunduliwa jirani tu, Uganda. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari J.N.P. Davies aliandika mwaka 1948 juu ya makongosho yaliyonywea ya watoto wa kwashakoo. Mwaka 1952 Hugh Trowell na mwenzake Thompson waliandika walivyopima maji ya utumbo wa watoto kama hao. Walikuta vimeng'enya ni vichache. Watoto walipolishwa maziwa, vimeng'enya vikarudi. Na ini la namna hii, mtoto akipona, hupona nalo. Halibaki na kovu kama ini la mnywaji pombe wa miaka mingi. Habari ya pombe nitaiandika siku nyingine.

Kwa hiyo ukimwona mtoto amevimba miguu yote miwili, usimshindilie supu ya mafuta nyumbani ukidhani unamwokoa. Mwili wake hauna vyombo vya kuipokea. Mlete siku hiyo hiyo. Wale walio hatarini zaidi hulazwa hospitalini. Huanzishiwa maziwa maalumu yenye mafuta machache na protini kidogo, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Uvimbe ukianza kushuka na hamu ya kula ikarudi, ndipo hupewa maziwa mazito zaidi au chakula dawa cha karanga.

Naomba niseme na kosa langu. Nilipoanza kazi, mama mmoja alileta mtoto wa namna hii. Nilimkaripia mbele ya watu. Nikamwambia, "Wewe mama, humlishi mtoto?" Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Hakwenda. Baada ya wiki mbili nilisikia kwamba mtoto amezikwa. Majirani walimwaibisha kwa kubemenda, mimi nikamwaibisha kwa njaa. Angepita mlango gani?

Tena, wengi wa mama hawa chakula wanacho. Mbaazi na choroko zimo ndani, zinangoja mnunuzi. Kuku wanataga, mayai yanakwenda sokoni. Jogoo analindwa kwa ajili ya mgeni. Mwaka 1975 redio ilitangaza vipindi vya Chakula ni Uhai, na watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza. Baadhi ya wasikilizaji wale leo ni mabibi na mababu. Hawa ndio ningependa wasimame kwenye mkutano wa kijiji waseme, kuliko mimi kijana.

Na akina baba, msikae pembeni. Anayeamua magunia mangapi ya mbaazi yauzwe ni nani? Debe moja libaki. Mama akishika mimba, maziwa yake si sumu, mtoto anaweza kuendelea kunyonya. Aliyetimiza mwaka mmoja ale mara nne au tano kwa siku. Uji wake utiwe karanga zilizopondwa, au maziwa, na mchuzi uwe na kunde au dagaa waliotwangwa laini. Surua na kuhara humwangusha mtoto upesi, basi chanjo zisirukwe.

Mjukuu wa yule bibi alikaa hospitalini wiki tatu. Alipofika siku ya nne uvimbe ulianza kushuka, akawa mwembamba kabisa. Bibi aliogopa akataka kumrudisha nyumbani. Muuguzi akamweleza kwamba yale yalikuwa maji, si nyama. Akakubali kubaki.

Mwezi uliopita mama mwenyewe alikuja na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja amemshika mkono. Nilibonyeza miguu ya yule mkubwa. Hakuna shimo. Akanipiga teke.