Wakfu Uliofungiwa Kabatini



Familia ya mzee mmoja wa mtaa wetu, Allah amrehemu, iliukabidhi msikiti wakfu wa lenzi tatu za Nikon alizozitumia miaka mingi kupiga picha za harusi na mahafali ya madrasa. Kamera yake ilikwishaharibika. Kamati nayo ilikuwa na kamera ya Sony iliyotolewa kwa ajili ya kurekodi darsa, bali haikuwa na lenzi. Vijana walipendekeza lenzi za marehemu ziwekwe kabatini, na mfuko wa msikiti ununue mpya. Tuliomba wiki moja ya kuchunguza, kwani fedha za mfuko ni amana, na wakfu uliofungiwa kabatini haumnufaishi aliyeuacha.

Tulibaini kwamba kampuni nyingi zina mdomo wao wa kufungia lenzi, na umbali wake maalumu kutoka mdomo huo hadi kwenye sensa inayopokea picha. Kwa mdomo wa Nikon F, uliotoka mwaka 1959, umbali huo ni milimita 46.5. Kwa Sony ya mdomo E ni milimita 18 tu, kwa sababu kamera hizo hazina kile kioo cha ndani. Tofauti ni milimita 28.5, na adapta ni pete inayoijaza nafasi hiyo. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Sony haiwezi kufanya kazi ipasavyo kwenye kamera ya zamani ya Nikon, kwa kuwa hapana pete yenye unene ulio chini ya sifuri.

Pete ya kawaida, isiyopitisha umeme, ina mipaka yake. Kamera haiitambui lenzi, hivyo ni lazima kwanza kuiruhusu kwenye menyu ipige picha bila lenzi. Kulenga ni kwa mkono. Tundu la mwanga nalo hurekebishwa kwa pete iliyo kwenye lenzi; lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete hiyo, na huhitaji adapta yenye pete yake ya kurekebishia.

Tulikosea pia. Adapta ya kwanza tuliinunua kwa haraka, nayo ilizidi unene. Mimbari ilionekana vizuri, lakini mnara ulio ng'ambo ya uwanja ulibaki na ukungu hata tuzungushe vipi. Tuliirejesha dukani. Mwenye kununua na ajaribu kwanza kulenga kitu cha mbali, ndipo alipe.

Leo darsa zinarekodiwa kwa lenzi za marehemu, kwani sheikh huketi mahali pamoja na kulenga mara moja kunatosha. Kwa mbio za watoto wa madrasa hazifai sana, na wazazi tumewaeleza hivyo mapema. Kuficha kasoro ya kifaa si uaminifu, hata kama hatukiuzi.

Nasaha yetu kwa kamati na familia ni hii: kabla ya kupitisha mchango wa kununua kipya, fungueni makabati. Israfu haianzii katika mambo makubwa pekee. Huenda mnachokitafuta mmekwishapewa, kikakosa pete tu ya kukiunganisha.

Allah aijaalie sadaka ya mzee wetu iwe yenye kuendelea. Amin.