Pudini Haina Ushahidi Ndani Yake

Katika mijadala yetu ya elimu kuna usemi wa Kiingereza unaorudiwarudiwa: "the proof is in the pudding". Wengi huutumia kwa maana kwamba ithibati imo ndani ya pudini yenyewe. Wasemao hivyo wameukata mkia. Usemi kamili, ambao Waingereza wanao tangu karne ya 17, hudai kuwa "proof" ya pudini ni kuila. Na neno hilo hapo halimaanishi ithibati, bali lina maana yake kongwe ya jaribio. Wapiga chapa wetu wameihifadhi maana hiyo: prufu isomwayo kabla ya kitabu kutoka ni nakala ya majaribio, wala haithibitishi lolote. (Tena pudini ya enzi hizo aghalabu ilikuwa nyama iliyoshindiliwa katika utumbo wa mnyama. Mlaji alikuwa na kila sababu ya kuonja kwanza!)

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Tutazame mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya ule wa 8-4-4 wa mwaka 1985. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na wanaousifu mtaala mpya pamoja na wanaoushutumu huikimbilia kauli ile fupi kila wanaposhika alama za tathmini mkononi. Kwao ushahidi umekwisha kupatikana: pudini hiyo mezani, itazameni. Usemi kamili haukubali hukumu ya namna hiyo. Mtaala unaodai kumfunza mtoto kutenda hujaribiwa pale anapotenda: anapoandika barua ya kuomba kazi ikaeleweka, anapopima shamba, anapounda kifaa kikafanya kazi. Alama ni harufu ya jikoni tu.

Wanafunzi wangu huuliza wautafsirije. Katika insha zao nimekutana na "uthibitisho wa pudini uko katika kuila", sentensi ambayo sarufi yake ni nzima na maana yake ni maiti. Methali tunayo: uhondo wa ngoma ingia ucheze. Hailingani na pudini kwa kila hali, maana ngoma humpima mchezaji naye pia, lakini hoja ya msingi imo: anayetazama kutoka pembeni hajui. Pasipofaa methali, mwandishi aseme waziwazi, "tutaujua ubora wake tukiutumia". Kitenzi "kuthibitishwa" na akiweke kwa matokeo yaliyokwisha kutokea.