Uliza Kiluma Kimetoka Wapi

Sina ugomvi na bulbine. Mmea wa watu umetoka kusini mwa Afrika, unapenda jua kali, na maua yake ya manjano na rangi ya machungwa yana vijinyuzi laini kama manyoya ya kifaranga. Nilinunua wangu Nairobi kwa kitalu cha kando ya barabara, nikaumwagilia kila siku kwa mapenzi, mizizi ikaoza.

Nikabeba vipande vilivyobaki hadi Mutomo. Susu akaviangalia, akaniuliza, "Na hii itakunywa maji ya nani?" Nyuma yake, kando ya ua, kiluma kimesimama. Hakuna mtu amewahi kukipelekea kikombe.

Kiluma ndicho mshubiri wetu, Aloe secundiflora. Ni wa familia moja na bulbine. Maua yake mekundu-mekundu hugeukia upande mmoja wa tawi, na utomvu wake mchungu hutiwa kwenye maji ya kuku wakiugua. Lakini sisi wa mtaani tunajua jina la Kilatini la mmea wa Cape, hilo la Kikamba tunaliona la kishamba.

Utaniambia bulbine ni rahisi. Kweli. Kata kijiti, chomeka kwa udongo unaopitisha maji, weka juani, basi. Kiluma huanza kwa mbegu na hakina haraka. Hapo ndipo shida inaanzia: tukitaka kikubwa leo, kuna mtu ataenda kukichimba porini usiku. Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka wa 1986. Kanuni za 2007 zikaelekeza biashara kwa mashamba yaliyopandwa. Sheria iko. Jembe nalo liko.

Kwa hivyo usinijie na "napenda mimea ya nyumbani" kama hujauliza swali moja. Ukiona kiluma kipana kwenye chungu, muulize muuzaji: kilipandwa mwaka gani, na nani? Akianza kucheka-cheka, ondoka. Nunua bulbine yako kwa amani, hiyo haijaacha shimo kwenye kilima cha mtu.

Ama omba mbegu kwa susu wako, usubiri. Vijiti vyangu vilishika, by the way. Viko Mutomo, nyuma ya choo, juani. Susu hajavimwagilia hata siku moja.