Kura Ilimgeuza, Damu Haikumgeuza

Mwezi wa Aprili 2025 zilitufikia barazani habari za Seneta Cory Booker, mtu mweusi wa jimbo la New Jersey, aliyehutubia Seneti ya Marekani kwa saa 25 na dakika 5. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Strom Thurmond, tangu 1957. Mzee mwenzangu akasema, "Huyo Thurmond naye alitubia mwishoni." Sikumjibu papo hapo. Leo namjibu, nawe ndugu msomaji uwe shahidi.

Thurmond alizaliwa 1902 huko Edgefield, South Carolina, akawa gavana wa jimbo hilo tangu 1947 hata 1951. Mwaka 1948, Rais Truman alipounga mkono haki za watu weusi, Thurmond aligombea urais kwa chama cha wabaguzi waliojitenga na Democrats, akashinda majimbo manne. Mwaka 1954 akachaguliwa kuingia Seneti. Agosti 1957 alisimama akasema kwa saa 24 na dakika 18 kuuzuia mswada wa haki za raia. Alipokaa, mswada ulipita.

Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwaka 1925 Carrie Butler, msichana mweusi wa miaka 16, mtumishi nyumbani kwa wazazi wa Thurmond, alimzalia binti, Essie Mae. Mtoto akalelewa na ndugu wa mamake huko Pennsylvania, na babake hakumwona ila 1941. Baadaye alimpa fedha kwa siri, na alipokuwa gavana alikuwa akimzuru katika chuo cha watu weusi huko Orangeburg. Chuo cha wazungu asingaliweza kuingia, kwa sheria zile zile alizozitetea babake!

Basi hebu tutazame ni kitu gani kilichomgeuza. Si binti yake, maana alimjua miaka kumi na sita kabla ya hotuba ile ya 1957. Mwaka 1964 alihamia chama cha Republican. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kuilinda haki ya kupiga kura, na watu weusi wa South Carolina wakajiandikisha kwa wingi. Mwaka 1971 Thurmond akamwajiri mtu mweusi, Thomas Moss, katika ofisi yake. Na 1983 akaipigia kura sikukuu ya Martin Luther King. Alichokiogopa ni sanduku la kura.

Waama, tauba ina masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mja, kumrudishia mwenyewe. Thurmond aliondoka Seneti Januari 2003 akiwa na miaka 100, akafa Juni mwaka ule, na binti yake hakumtaja hadharani hata siku moja. Bibi yule alisubiri hata Desemba, akiwa na miaka 78, ndipo aliposema mwenyewe. Jamaa za marehemu hawakumkana.

Katika uwanja wa jengo la serikali ya jimbo, mjini Columbia, lipo sanamu la Thurmond lenye majina ya wanawe. Mwaka 2004 jina la Essie Mae liliongezwa, na pale palipochongwa kwamba ana watoto wanne, pakachongwa watano. Mzee mwenzangu, haki ile ilirudishwa na mchonga mawe.