Mota ya Pampu Imekufa? Uliza Kwanza Kama Inaunguruma

Hapa gatini Deira, kando ya hori la Dubai, mizigo ya majahazi hupangwa nje: friji, matairi, viyoyozi na mota za pampu, mpya na za mtumba. Hewa ya chumvi inaingia kila tundu. Mimi ni fundi umeme, na mota nyingi ninazoletewa kama maiti huwa nzima kabisa.

Naandika haya kwa sababu ya ujumbe tunaoupata sote kutoka nyumbani: “Pampu imeungua, tuma hela ya nyingine.” Wa huku anahisi anaibiwa. Wa kule anahisi haaminiwi. Mara nyingi wote wawili ni wakweli. Kilichochafuka ni platini.

Mota ya fezi moja haianzi kuzunguka bila msaada. Nyingi zina swichi ndogo ndani, upande wa nyuma, yenye platini zinazogusana mota ikiwa imesimama. Hizo hupeleka umeme kwenye koili ya kuanzia. Mota ikifika kama robo tatu ya mwendo wake, swichi huachia. Chumvi, vumbi au sisimizi wakikaa kati ya platini, umeme haupiti: mota inaunguruma, haizunguki, inapata moto. Ikiachwa hivyo, ndipo inaungua kweli.

Basi uliza maswali matatu. Je, inaunguruma? Ikiwa kimya, waangalie umeme unaoingia na platini za swichi ya presha. Je, umeme ukizimwa, feni ya nyuma inazunguka kwa mkono? Ikigoma, tatizo ni kutu au beringi. Je, kapasita imevimba? Inabadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile. Pampu ndogo za bei nafuu mara nyingi hazina swichi ya ndani, kwa hiyo kwao anzeni na kapasita.

Kazi hii ni ya fundi, si ya mtoto wa jirani. Azime meni swichi. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, hivyo autoe kwanza kwa rizista. Kisha apitishe msasa laini, namba 400, kati ya platini mara mbili tatu, afute kwa kitambaa chenye spiriti, na aache pakauke. Asipake grisi wala mafuta. Platini zikiwa zimechimbika, abadilishe swichi, si mota nzima.

Kwa mlioko Marekani: umeme wenu ni hezi 60, wa Kenya na Tanzania ni 50, sawa na wa Dubai. Msisafirishe mota ya huko.

Mlipe fundi kwanza. Akisema mota imekwisha, akutumie picha ya koili iliyoungua. Hapo utume hela kwa moyo mweupe.