Mfadhili Abadilisha Maneno, Sisi Twabaki na Kesi

Wadau wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo tuongee pesa za wafadhili. Najua mtaniambia hayo ni mambo ya watu wa mahoteli. Ngojeni.

Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyatia MUHURI na Haki Africa, mashirika ya hapa hapa Mombasa, kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab. Akaunti zikafungwa. Ilifika Novemba ndipo Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe. Miezi saba! Kodi ya ofisi walipa na nini? Na mama ambaye kijana wake amechukuliwa usiku Kisauni, aende kwa nani?

Mfadhili akiona hivyo, mara nyingi hagombani na serikali. Abadilisha maneno. Ethiopia mwaka 2009 walipitisha sheria kwamba shirika la kutetea haki lisipate zaidi ya asilimia 10 ya pesa zake kutoka nje. Fedha nyingi zikahamia miradi isiyoudhi mtu. Umoja wa Ulaya, wajanja, wakakubaliana na serikali mfuko wao mmoja uhesabiwe kama pesa za ndani. Sisi pia 2013 tuliletewa pendekezo la asilimia 15, Bunge likalikataa.

Huku pwani neno likawa "kuzuia itikadi kali". Semina, tisheti, mashindano ya mpira. Sisemi ni vibaya, mpira twaupenda. Lakini mpira hauhesabu waliopotea. Mwaka 2016 Haki Africa walitoa ripoti ya visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kumtumia bosi Brussels, ndiyo maana ni rahisi kuiacha.

Mimi nataka mfadhili alipe kodi na wakili mapema, bila kulazimisha jina la mradi. Asingoje akaunti zifungwe ndipo atoe taarifa ya "kusikitishwa".

Na sisi je? Arusi twachanga, matanga twachanga, tena kwa M-Pesa usiku wa manane. Wakili wa kijana wa mtaa twamngojea mzungu. Mimi nimeanza na mia mbili kwa mwezi. Yakhe, hata data yangu ya wiki yapita hiyo.