Hita ya lori: kabla ya kuuliza bei, uliza moshi wake unatokea wapi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja, nikausoma mara tatu. "Shikamoo daktari. Baba watoto ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma na wakati mwingine anavuka mpaka hadi Kongo. Shule zikifungwa mwezi wa sita huwa anamchukua kijana wetu wa miaka tisa, wanalala humo humo kwenye lori. Mwaka jana mtoto alirudi anakohoa. Anasema usiku kulikuwa na baridi kali, baba akaweka jiko la mkaa miguuni. Sasa baba yake anataka kununua hita ya mtumba. Je, haitamletea mtoto matatizo ya kifua?"

Marahaba, mama. Jibu la swali lako ni fupi: hita inayofaa, ikifungwa na fundi anayejua kazi yake, haimdhuru mtoto kifua. Kilichoninyima usingizi ni lile jiko la miguuni. Mtoto alirudi anakohoa, na mimi nashukuru kwamba alirudi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anaweza kushangaa tunazungumzia hita nchini kwetu. Aulize waliolala Makambako mwezi wa saba. Kule Kitulo majani huamka na barafu. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpakani usiku tatu hana nyumba ya kulala wageni ya kukimbilia, kwa sababu akiuacha mzigo peke yake hataukuta. Kabini ndiyo chumba chake, na ni chumba kidogo kuliko choo cha nyumba nyingi. Kwa hiyo siwalaumu madereva kwa kutafuta joto. Ninachobishana nao ni namna ya kulipata.

Mkaa ukiwaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Si ile hewa tunayoitoa mapafuni tunapopumua, hii ni nyingine. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikereti koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe inavyoshika. Mapafu yanafanya kazi, moyo unapiga, lakini damu inazunguka bila kufikisha kitu. Ubongo na moyo ndivyo huumia mwanzo. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo katika chumba kimoja yeye hulewa gesi hiyo kabla ya baba yake. Mama mjamzito yuko kwenye hatari ya pekee, maana gesi inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na damu ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania zaidi na kuiachia polepole kuliko damu ya mama.

Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia kwa wasomi na wasiosoma. Watu wanasema: "Sisi tunauwasha nje kwanza, moshi ukiisha ndipo tunauingiza." Moshi ukiisha hujaondoa sumu, umeondoa onyo. Mkaa mwekundu usio na moshi, ule unaopendeza macho, unaendelea kutoa gesi hiyo saa nzima baada ya saa, na unapofunikwa na majivu huku hewa ya chumba inapungua, unaitoa kwa wingi zaidi. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakiamini maji yatafyonza sumu. Hayafyonzi. Na kufungua kioo kidole kimoja? Nimekuwa nikisikia hata wahudumu wa afya wenzangu wakiwashauri watu hivyo. Mimi nimeacha kabisa kutoa ushauri huo. Usiku wa baridi mtu ataanza na kidole kimoja, saa nane atakifunga.

Naandika kwa ukali kidogo na sababu ninayo. Nilipokuwa daktari mchanga, zamu ya jioni, alikuja mama na watoto wawili. Wote watatu kichwa kinauma, wadogo wanatapika. Nikapima malaria, hakuna. Homa hakuna. Niliwabana kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, kikaonyesha namba nzuri. Nikaandika dawa ya maumivu, nikawaruhusu. Sikuuliza wamelala wapi wala wamelala na nini. Walirudi chumba kile kile, jiko lile lile, pamoja na bibi yao ambaye hakuja hospitali kwa sababu alisema ni uchovu tu. Alfajiri majirani waliwaleta wote wanne. Watoto na mama yao walipona. Bibi hakuamka.

Baadaye nilielewa nilichopaswa kukijua mapema: kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaona wekundu tu, kinasema salama. Nami sikuuliza kwa nini watu watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa siku moja bila homa. Kwa hiyo nakuomba, ukifika hospitali na hali hiyo, usisubiri daktari aulize. Sema mwenyewe: "Tulilala na jiko." Maneno hayo matatu yanaweza kubadilisha matibabu yote, kwa sababu tiba yenyewe ni oksijeni kwa barakoa, ya kutosha na kwa muda wa kutosha. Ukipumua hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi sita kupunguza nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi muda unashuka hadi kama saa moja na nusu. Maziwa hayasaidii. Hii sumu haiko tumboni.

Sasa turudi kwenye lori.

Hita za kulalia zinazokuja na malori ya mtumba kutoka Ulaya, au zinazouzwa peke yake madukani, nyingi hutumia dizeli. Kule Ulaya wanazifunga pia kwenye nyumba ndogo za kukokotwa na gari ambazo familia hulala humo wakiwa likizo, na somo walilolipata huko ndilo tunalolihitaji hapa. Ndani ya hita kuna chumba cha chuma kilichofungwa. Pampu ndogo inadondosha dizeli humo, inaungua. Hewa ya kuunguzia inavutwa kwa bomba kutoka nje, chini ya sakafu, na moshi unatolewa kwa bomba jingine kwenda nje, chini ya sakafu. Feni inapitisha hewa ya kabini juu ya chuma chenye moto kisha inairudisha ikiwa na joto. Moto na hewa unayoivuta haviguswi kamwe. Hilo ndilo linaloitenga hita na jiko, wala si bei wala jina la kampuni. Hita yoyote ya gesi au mafuta ya taa isiyo na bomba la kutoa moshi nje, hata iwe mpya na ina cheti, usilale nayo.

Kuhusu ukubwa, kabini ya lori inatosheka na kilowati 2. Muuzaji atakushawishi uchukue ya 5 kwa kuwa bei hazipishani sana. Kataa. Kubwa kupita kiasi itafanya kazi kwa moto mdogo muda wote, na moto mdogo hujaza masizi. Ya kilowati 2 ikiwaka kwa nguvu zake zote hunywa kama robo lita ya dizeli kwa saa. Linganisha na kuacha injini ya lori ikinguruma usiku kucha ili kupata joto, lita kati ya 2 na 4 kila saa, na moshi wake unazunguka chini ya magari yote ya foleni. Mwenye lori anayelalamikia gharama ya hita naomba achukue kalamu apige hesabu hiyo.

Mtumba sio dhambi, lakini ya mtumba ifunguliwe. Fundi aitoe, achunguze kama chumba cha kuunguzia kina ufa, abadilishe gasketi zote. Kama fundi anasema "haina haja, iwashe tu tuone," huyo si fundi wa hita.

Kufunga ndiko kunakoua au kuokoa, na hapa nimekaa na fundi mmoja mzoefu wa umeme wa magari saa nzima nikiuliza maswali ya kijinga. Alinieleza hivi. Hita inakaa sakafuni, mara nyingi nyuma ya kiti cha tingo au chini ya kitanda, na mabomba ya hewa na moshi yanashuka moja kwa moja kupitia tundu la sakafu. Tundu lizibwe kwa gasketi isiyopitisha kitu. Pasiwe na kiungo chochote cha bomba la moshi ndani ya kabini, hata kimoja. Bomba liwe la chuma, lipite mbali na mipira ya breki, nyaya na tanki, kwa sababu linapata moto mkali. Mwisho wake uelekee pembeni, usitazame chini ya mlango wala dirisha, wala usiwe karibu na bomba linalovuta hewa, la sivyo hita itavuta moshi wake yenyewe. Literemke kidogo ili maji yasikae ndani. Na njia zetu zina tope: dereva akiegesha kwenye matope ainame aangalie kama mdomo wa bomba uko wazi. Mwandishi Émile Zola alifia chumbani kwake Paris mwaka 1902 kwa gesi hii hii, moto ukiwa kwenye meko yenye dohani. Dohani ilikuwa imeziba.

Ziko hita za boksi moja, tanki na mashine pamoja, zinazobebwa kwa mkono. Bei yake ni rahisi ndiyo maana zinapendwa. Mimi sizitaki ndani ya kabini, kwa sababu zinaweka dizeli mahali mtoto anapolala, na kwa sababu mtu hupitisha bomba la moshi dirishani na kuziba nafasi iliyobaki kwa kanga.

Usizime hita kwa kuchomoa nyaya za betri. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, feni inaendelea dakika chache kupooza chuma. Iache imalize. Na izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Kisha nunua kengele ya kaboni monoksaidi. Ni kiboksi kidogo cha betri, kinalia gesi ikipanda. Kiwekwe karibu na mahali pa kichwa mnapolala, sio nyuma ya pazia wala chini ya kiti. Bonyeza kitufe cha kujaribu kabla ya kila safari, na angalia tarehe ya mwisho nyuma yake, maana kipimo cha ndani huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama betri ni mpya. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya hita na kengele, basi usinunue hita. Nunua blanketi.

Blanketi tunazidharau, na bila haki. Lengo ni kumpasha mtoto joto, sio kuipasha bati ya lori. Soksi, kofia ya sufu, blanketi mbili chini na mbili juu, kwa sababu baridi ya kitanda cha lori inatokea chini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, iwekwe miguuni kisha iondolewe kabla hajasinzia ikiwa ni mtoto mdogo. Magodoro ya umeme wa volti 24 yapo pia na hayali betri sana. Hita za feni za umeme zitaimaliza betri kabla ya saa sita usiku.

Na ninyi mliojifungua juzi, ambao mama mkwe ameweka jiko chini ya kitanda ili mgongo upone na kichanga asipate baridi, haya yote yanawahusu pia. Jiko litoke. Kichanga awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, kisha mfunikwe wote wawili. Hospitalini tunawapasha joto watoto njiti kwa njia hiyo hiyo. Mama mkwe anisamehe, najua anafanya kwa upendo.

Sasa mama mwandishi wa ujumbe. Lori ni la bosi, na baba watoto hawezi kutoboa sakafu ya mali ya mtu bila ruhusa. Aombe, na aombe kwa maandishi. Naona ni wajibu wa mwenye lori kulipia hita na kengele, kama anavyolipia matairi, kwa sababu analala nyumbani kwa kuwa mwingine analala kabini. Bosi akikubali, fundi afunge wiki mbili kabla, na baba alale nayo usiku mmoja nyumbani uwanjani, milango ya lori imefungwa, kengele ikiwa kichwani, na wewe ukienda kumgongea kila baada ya saa mbili. Akiamka asubuhi bila kichwa kuuma na kengele haikulia, mtoto aende. Kama shule zitafungwa kabla hita haijafungwa, mwaka huu kijana abaki na wewe, na lile jiko la mkaa litolewe kwenye lori leo, baba asije akalikumbuka akiwa peke yake Makambako.